Nyayo Kwenye Majivu

Viti vya plastiki vilivyokodiwa vilikuwa mia, na waliovikalia hawakufika thelathini. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia uani kwa marehemu Mwalimu Karisa, pale Maweni, mwendo mfupi kutoka Kaloleni. Huku kwetu mahanga ya mwalimu mkongwe, zile siku za watu kukaa na wafiwa wakila na kulala papo hapo, huwa hayana mahali pa kutia mguu. Mtu aliyefundisha sayansi mpaka akawafundisha watoto wa wanafunzi wake wa kwanza, leo viti vyake vimekaa vitupu! Nilijiambia labda ni mapema. Nikaketi karibu na jikoni, nikapewa kikombe cha chai ya mkandaa isiyo na maziwa, na nyuma ya makuti wanawake wawili walikuwa wakichagua mchele. Mmoja akasema, "Si ndiye huyu aliyesema baruti haiui hata panya?" Mwenzake akacheka kwa pua. "Alihongwa na watu wa kokoto, dada. Kinywa chake ndicho kilichotuhamisha. Basi na waje wao wamzike." Nilitaka kuinuka niwaambie wanyamaze, lakini ningewanyamazisha kwa lipi? Katika uga ule mzima nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba marehemu hakuhongwa na mtu. Na aliyemfanya aonekane amehongwa ni mimi.

Mbeyu, binti yake wa mwisho, alinikuta hapo. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ni mama wa watoto watatu, na macho yamemvimba kwa kulia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Dada Kadzo, umekuja. Baba alikutaja mpaka siku ya mwisho." Kisha akanipa gunia dogo la mchele, na ndani yake yalikuwamo madaftari niliyomwandikia Mwalimu, yote tisa, karatasi zimegeuka rangi ya chai. "Hii si hati yako?" akauliza. Ilikuwa yangu. "Kesho kabla hatujamzika nataka utusomee ukurasa mmoja. Uchague wewe mwenyewe. Watu wamsikie baba yangu alikuwa mtu wa namna gani." Nikasema nitasoma. Mimi ni karani wa mahakama Malindi, miaka thelathini naandika maneno ya mashahidi na kuwasikia wakiapa, na wengine nikiwatazama najua kabisa kwamba wanasema uongo, kwa sababu uongo naujua unavyokaa usoni. Niliusomea hapa hapa, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na sina la kufanya, na Mwalimu alikuwa akipofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linamwonyesha mwangaza na vivuli tu. Alikuwa mjane, anaishi na dada yake, Shangazi Sidi, na kitoto hicho Mbeyu. Na alikuwa anaandika kitabu juu ya panya. Naam, panya! Maweni nzima ilikuwa ikimcheka. Mtu mzima na digrii yake, badala ya kununua mbuzi, yuko kilimani kichwa kimeingia katika ufa wa jabali anatafuta panya. Yeye alimwita panya wa mawe. Watu wengine walimwita panya tu, na walipomwona walimtupia jiwe. Lakini hakuwa kama hawa wa darini. Alikuwa mdogo, uzito wake kama yai la kuku, rangi ya majivu, na kuzunguka macho ana weusi uliopakwa kama wanja wa bibi harusi. Mkia wake ulijaa manyoya kama brashi ya kunyolea ndevu. Ukimkamata kwa mkia huo ngozi ya mkia hutoka ikabaki mkononi mwako, na mwenyewe anakwenda zake na kimfupa kitupu. Mwalimu alisema hajaona popote imeandikwa habari zake za huku pwani, na kwamba hakuna mahali alipokuwa mwingi kama katika nyufa za kilima chetu. Alikuwa amemfuata miaka kumi na moja. Kilichobaki ni mwaka mmoja wa kukamilisha, na macho yakamwacha.

Basi nikawa macho yake. Kazi ilikuwa hivi. Jioni nachukua majivu jikoni kwa Shangazi Sidi, nayachekecha kwa kitambaa mpaka yawe laini kama unga, napanda nayo kilimani ndani ya kopo la maziwa. Kwenye kila ufa aliokuwa ameutia namba kwa rangi nyeupe namwaga majivu kidogo mlangoni, nayasawazisha kwa kiganja. Alfajiri, kabla jua halijagusa mawe na upepo haujaamka, narudi kusoma nyayo. Wangapi wametoka, wangapi wamerudi, yupi anachechemea, yupi amevuta mkia chini kwa sababu ana mimba. Kisha nashuka, nakuta Mwalimu ameketi sebuleni na kanzu yake ya kulalia, mahamri na mbaazi za nazi vinapoa mbele yake, kwa kuwa hali mpaka nifike. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu. Haya, sema." Nami nasema, na yeye anatunga sentensi, na mimi naandika. Na alikuwa na sharti lake moja ambalo halikuvunjwa. Kila mstari lazima uanze na jina la aliyeona. Karisa ameona. Mgema Baya ameona, ambaye alikuwa akimkuta panya wa mawe juu ya mnazi, ametia kichwa katika kibuyu cha tembo, amelewa. Na kuanzia mwaka ule, Kadzo ameona. "Kitu ambacho hakikuonwa na mtu hakiingii humu," aliniambia. "Ukiota, ukahisi, ukasikia wanasema, hayo kawasimulie wenzako kisimani. Humu ni macho."

Niseme kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena. Sebule ile ilikuwa ndogo, ina harufu ya mafuta ya taa na vitabu vilivyonyeshewa. Ukutani kulikuwa na ngozi za wanyama wadogo na mafuvu madogo kama punje za mahindi, yamebandikwa kwenye kadi. Shangazi Sidi alikuwa akipita na ufagio analalama, "Nyumba ya Mkristo hii au ya mganga?" na Mwalimu anamjibu, "Ya mganga, dada, lakini wateja hawaji." Mchana tunakula sima na mboga ya mchunga iliyotiwa nazi mpaka uchungu ukaisha, na Mwalimu anauliza tena kama ni kweli nimemwona yule mama wa ufa namba saba akihamisha watoto wake kwa mdomo. Nilimwona. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya jabali, umande umenilowesha leso, na alipita mbele ya pua yangu na kitoto chekundu hakijafunguka macho, akaenda akarudi mara nne. Mara ya nne akasimama akanitazama. Nilipomweleza Mwalimu hilo alivua miwani ambayo haikumsaidia tena kitu, akaifuta. "Miaka kumi na moja," akasema, "na hilo sijaliona mimi. Andika. Kadzo ameona."

Baruti ilianza wakati wa kipupwe. Watu wa kokoto walikuwa wameruhusiwa kuchimba upande wa magharibi wa kilima, upande usio na nyumba. Upande wa mashariki palikuwa na kaya kumi na nane na makaburi yao, na huko nako watu wa kokoto walikuwa wanapataka, bado hawajaruhusiwa. Mlipuko wa kwanza uliangusha mafuvu yote ukutani. Mwalimu aliinuka akauliza, "Wa mawe je?" Hakuuliza nyumba, hakuuliza mtoto. Shangazi alimgombeza, mimi nikacheka. Ni wakati ule wa baridi ambapo wanyama hawa hujikunja kama mpira wakalala usingizi mzito siku kadhaa, wakapoa mwili mzima, usijue amekufa au yu hai. Ukimtia joto mkononi taratibu, masharubu yanaanza kucheza. Mwalimu alikuwa amenifundisha hivyo. Kwa hiyo wiki ya tatu ya baruti, nilipomkuta mmoja amejikunja mlangoni pa ufa namba saba, sikuhofu. Nilimtia kifuani ndani ya blauzi nikakaa juani kumngoja. Nilimngoja mpaka jua likapanda. Nilipomtoa niliona tone la damu kavu puani, dogo kama kichwa cha pini. Nikaingiza mkono katika ufa nikatoa mwingine, na mwingine. Ufa namba nane, vivyo hivyo. Hawakuwa na jeraha hata moja. Mawe yaliwatikisa wakiwa usingizini, basi wakafa.

Nilishuka nimewafunga kwenye leso ili nimpelekee, nikijua atalia, na kwamba baada ya kulia ataandika barua kwa kila ofisi anayoijua. Nilipofika sikumkuta. Alikuwa amepelekwa hospitali tangu alfajiri kuonwa na daktari wa macho. Alirudi adhuhuri ameshikwa mkono na Shangazi Sidi, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wamesema basi, Kadzo. Hata hilo la kulia, halifiki mwaka mpya." Kisha akageuza uso wake nilipokuwa. "Haya, sema. Wa kwetu wameamkaje?" Shangazi alikuwa mlangoni. Aliitazama leso yangu, akaelewa; alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko sisi sote. Alinivuta mpaka jikoni akanishika bega mpaka likauma. "Usithubutu. Mtu ametoka kuambiwa hana macho, wewe umtoe na moyo? Mpe siku mbili tatu. Mwambie wapo." Na mimi sitaki kumsingizia marehemu Shangazi Sidi. Alisema siku mbili tatu. Nilirudi sebuleni nikasema, "Wapo, Mwalimu. Nyayo kumi na mbili." Akatabasamu. Nikachukua kalamu, nikaandika. Kadzo ameona.

Siku mbili tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Kila jioni niliendelea kumwaga majivu, na kila alfajiri niliyakuta yamelala vile vile kama nilivyoyasawazisha, na alama ya kiganja changu juu yake. Hakuna kilichonitisha maishani kama majivu yale safi. Nilikuwa nakaa pale juu natunga. Leo mmoja amezaa, kesho wawili wanapigania tunda la mkuyu. Nilikuwa fundi, jamani! Na yeye alivyofurahi ndivyo nami nilivyozidi kumpa, maana alikuwa anakula sasa, analala, anamwimbia Mbeyu. Siku moja akasema anataka kushika kiota, kile wanachokitengeneza kwa sufi na nyuzi za makumbi ya nazi. Nikaenda nikachomoa kiota cha zamani katika ufa uliokufa. Kilikuwa baridi kama jiwe lenyewe, na Mwalimu angejua mara moja. Kwa hiyo nilikitia kifuani, pale pale nilipomtia yule mfu, nikashuka nacho mbio. Alikipokea kwa viganja vyote viwili akakiweka shavuni. "Kina joto," akasema. "Ametoka sasa hivi. Sikia, Sidi, kina joto!" Shangazi alitoka nje akaanza kutwanga kisamvu ambacho kilikuwa kimekwisha kutwangwa.

Mwishoni mwa mwaka maafisa walikuja kusikiliza wananchi juu ya upande wa mashariki. Mkutano ulifanywa katika darasa la shule ya msingi, madirisha yamejaa vichwa. Wenye nyumba walilalamika juu ya nyufa kwenye kuta zao, na wakili wa watu wa kokoto, kijana mpole wa suti ya buluu, aliwajibu kwamba nyumba za udongo hupasuka hata bila baruti. Ndipo mzee mmoja wa mashariki, Mzee Thoya, akasema, "Muulizeni Mwalimu. Yeye ana madaftari. Anajua kilima kile ndani na nje, na hasemi asichokijua." Watu wakapiga makofi. Walimtegemea yeye, unaona. Na kweli hakuna mtu Maweni aliyewahi kumshika Mwalimu kwa uongo. Nikamwongoza mbele kwa mkono. Yule kijana akamuuliza kwa adabu, "Mzee, huyu mnyama wako, baruti imemdhuru?" Na Mwalimu, ambaye aliichukia baruti ile, ambaye angetoa mkono wake kukiokoa kilima, alifungua daftari asiloweza kulisoma, akaweka kidole juu ya hati yangu, akasema, "Nilikuwa naogopa hivyo. Siwezi kusema ninalolitamani, nasema lililoonwa. Wapo. Wanazaa. Wala hawajapungua." Kijana akasema, "Ahsante, mzee. Ikiwa kiumbe mwepesi kama yai, analala ndani ya jiwe lenyewe, hajadhurika, basi kuta za nyumba zitadhurikaje?" Sikuwa mbali. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mkono wa Mwalimu uko kwenye bega langu. Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu. Niliwatazama watu wote wale, nikamwona Mzee Thoya anamkodolea macho Mwalimu kama mtu aliyetemewa mate, nikamrudisha Mwalimu kwenye kiti chake. Nilikuwa mtoto, ndivyo nilivyojiambia miaka thelathini. Miaka kumi na tisa si utoto. Niliogopa kuaibika mbele ya watu, hilo ndilo lilikuwa.

Ruhusa ikatoka. Kaya kumi na nane zikahamishwa, makaburi yakachimbuliwa mifupa ikatiwa kwenye masanduku ya mbao nyembamba. Mimi sikuyaona hayo kwa macho. Nilikuwa nimeshakimbilia Malindi kwa kisingizio cha kozi ya uchapaji. Sikurudi tena. Mwalimu alinitumia salamu kwa kila aliyekuja Malindi: mwambieni Kadzo aje anieleze habari za wa kwetu. Zilinifika zote. Nilituma sukari, nilituma kahawa, mwaka mmoja nikatuma redio. Kumbe wakati huo watu walikuwa wamemhama barazani, wanavuka njia wakimwona anakuja na fimbo yake, wanasema amelishwa akashiba. Naye, Mbeyu ameniambia jana, alikuwa akiwajibu jambo lile lile bila kukasirika: "Mimi sikusema langu. Imeandikwa. Kadzo ameona."

Usiku wa jana sikusoma kitu. Leo asubuhi, jeneza likiwa limewekwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, Mbeyu aliniita. Nilisoma kwanza ukurasa wa yule mama wa ufa namba saba na watoto wake wanne, kwa kuwa ule ni wa kweli, na nilitaka Mwalimu apate angalau mmoja wa kweli. Watu walisikiliza kwa uvivu. Kisha nikafungua daftari la sita. Nikasoma, "Kadzo ameona nyayo kumi na mbili." Nikafunga. Nikasema, "Kadzo ni mimi. Sikuona nyayo hata moja. Walikuwa wamekufa wote, nilikuwa nimewabeba kwenye leso, na nilimdanganya mtu asiyeona, siku ile na siku zote mpaka ya mkutano. Mwalimu hakuhongwa. Aliniamini mimi." Nilidhani nitalia, sikulia. Wale wanawake wa mchele walikuwa wameweka mikono vinywani. Mwanamume mmoja akainuka nyuma, mwenye mvi, nikamjua kwa kidevu kuwa ni mtoto wa Mzee Thoya. Alikuja mpaka mbele yangu, nikajikaza nikijua atanipiga kofi, na ningelipokea. "Baba yangu alikufa anamlaani mzee huyu," akasema. "Yeye alijua?" Nikajibu, "Hakujua." Yule mwanamume akavua koti, akaenda akapokea sepetu kwa mmoja wa vijana waliokuwa kaburini, na hakunigeukia tena.

Mbeyu hakunisemesha wakati wa kuzika, wala wakati wa chakula. Sahani yangu ililetwa na mtoto. Alasiri, watu wakiwa wanatawanyika, alinijia na lile gunia. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango. Alitoa daftari la sita, la saba, la nane na la tisa, akayaweka mapajani mwangu, na juu yake akaweka kalamu.

"Hutoki hapa mpaka uyamalize," akasema.

Niko kwenye kiti cha plastiki nje ya sebule ile. Mafuvu bado yako ukutani, mengine yamebandikwa upya kombo, na mtu asiyeona. Nimefungua ukurasa wa kwanza, nimepiga mstari juu ya maneno yale, na pembeni, kwa hati ile ile, nimeandika: Kadzo hakuona. Mstari unaofuata: Kadzo hakuona. Unaofuata: Kadzo hakuona.